Tandala wa Barabarani na Ngozi Isiyotajwa

Hapo zamani, barabara ilipokuwa bado ngeni katika pori letu na wanyama hawajajifunza kutazama kulia na kushoto, palikuwa na kijiji kiitwacho Isungamalo. Kijiji kidogo. Ukipiga chafya mwanzoni, anayekuambia "afya" ni mtu wa mwishoni.

Wa nyuma mnanisikia? Haya, acheni kutafuna. Leo kuna nyama mbele yetu, na sitaki mate yenu yaishe mapema.

Isungamalo walikuwa na ngoma moja. Sikusema mbili. Moja, imechongwa kwa gogo la mninga, mdomo wake mpana kama ungo, na juu yake imewambwa ngozi ya tandala. Ngozi ya mbuzi haikufaa. Waliijaribu, ikalia kama mzee anayekohoa chumbani ili wageni waage. Ngozi ya ng'ombe nayo ikalia kama mtu anayepiga godoro. Tandala ndiye. Ngoma ile ikivaa tandala ilisikika mpaka ng'ambo ya mbuga, na aliyekuwa huko na jembe aliliweka chini akaja.

Mpigaji wake aliitwa Kapalata. Alikuwa na mikono miwili kama mimi na wewe, ila yake ilikuwa na akili. Alikuwa na mke, Nyanzala. Alikuwa na mdogo wake, Shilinde, mchunaji wa ngozi. Na ndugu hao wawili walikuwa na mama mmoja, Bi Ngolo, ambaye Nyanzala ni mkwewe. Bibi mdogo wa mwili, mkubwa wa mdomo.

Sasa sikilizeni kosa. Siku ya mavuno, alasiri, Kapalata aliisogeza ngoma karibu na moto ili ngozi ikaze. Wapigaji wote hufanya hivyo: unaiotesha moto kidogo, unaigeuza, unaiondoa. Lakini akapita mtani wake, akamrushia neno. Kapalata akamrudishia mawili. Mtani akatoa matatu. Watu wakacheka, Kapalata akanogewa. Ngozi ikakaza. Kapalata akatoa manne. Ngozi ikakaza. Mtani akatoa matano. Ngozi ikakaza, ikakaza, ikakaza...

Pwaa!

Ikapasuka katikati, mbele ya kijiji kizima, na pombe ya mavuno bado haijaonjwa.

Watu wakacheka. Kwetu aibu ya mtu huchekwa ili isimuue. Lakini safari hii kicheko kilimwingia mwenzetu mahali ambapo hakitoki. Kesho yake alifunga mfuko wake. Anakwenda wapi? Tanga, kukata mkonge.

"Sikai hapa mimi, mtu aliyeinyamazisha ngoma," akasema. "Ikipata ngozi ya tandala, ipigeni. Nitasikia."

"Kaka," akasema Shilinde, "Tanga ni siku na siku! Utasikiaje?"

"Nitasikia."

Akaenda.

Wewe hapo mbele unataka kuniuliza kwa nini hawakwenda porini kumpiga tandala mmoja mambo yakaisha. Ndugu yangu, tandala wa zama hizo alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni Serikali. Bwana Nyama, yule mlinzi wa wanyama, alipita na baiskeli yake akatangaza: "Mnyama hapigwi! Lakini akigongwa na gari akafa, nyama kuleni, isioze. Pembe nileteeni mimi." Akapanda baiskeli, kengele kriing, akapotea.

Pembe za Serikali. Nyama ya kijiji. Ngozi je? Ngozi hakuitaja. Liwekeni hilo mfukoni.

Basi Nyanzala akaanza kazi ambayo hakuna mke aliyewahi kuifanya. Kila kukipambazuka alifunga khanga kiunoni, akatembea barabarani mpaka daraja la magogo na kurudi, akitafuta mnyama aliyegongwa na lori.

Juma la kwanza akamkuta nguchiro, amelazwa bapa kama chapati. Akamtazama. "Si wewe." Akapita.

Mwezi wa tatu akamkuta kanga. "Si wewe." Huyo hata hivyo akambeba, mchuzi hauna kosa.

Mwaka wa pili akamkuta pundamilia. "Si wewe."

Mwaka wa tatu, swala. Akainama, akamshika sikio. "Umekaribia, mwanangu. Lakini si wewe."

Na lori likisimama kijijini, watu wakashuka na mizigo yao, Nyanzala alisimama kando akiwatazama nyuso. Mshona viatu akashuka. Si wewe. Mhubiri akashuka na kengele yake. Si wewe. Siku moja alishuka mtu amempa mgongo, na mabega yale yalikuwa ya Kapalata, yale yale. Nyanzala akasahau kuvuta pumzi. Mtu akageuka: chongo, na masharubu.

"Si wewe," akasema Nyanzala. Siku hiyo hakula.

Wanawake wenzake wakamtania kisimani. "Nyanzala, siku hizi umeolewa na barabara?"

"Afadhali," akajibu. "Barabara inakwenda Tanga, na huku bado ipo."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakamsaidia kutwika mtungi.

Miaka sita.

Mwaka wa sita, asubuhi moja, akaona tai wameketi juu ya mti kama wajumbe wanaosubiri mkutano uanze. Akakimbia. Na pale, kando ya barabara, alikuwa amelala tandala dume, pembe zimejisokota mara mbili na nusu, mistari myeupe mbavuni kama maziwa yaliyomwagika. Nyanzala akamtazama jicho: bado linang'aa. Akavuta manyoya: hayang'oki. Akaingiza mkono kwapani mwa mnyama: bado kuna joto.

"Ni wewe," akasema.

Akakaa chini, akalia. Halafu akaacha, maana nzi hawasubiri mtu amalize. Akavua khanga ya mabegani, akawapunga tai, akawatukana mpaka na mama zao, huku akipiga yowe. Alisimama hapo bila kukaa tena, mpaka muuza samaki wakavu akapita na baiskeli, akapeleka habari kijijini.

Kijiji kikaja. Kilikuja na visu, mabakuli, majani ya mgomba na njaa. Mbele yao alikuwa Shilinde.

"Nyuma!" akafoka. "Nyuma wote! Huyu hakuchinjwa, amegongwa. Ukimkata kama mbuzi wa arusi, utayala maini na kinyesi chake. Wewe Kasonso, hata kama ni mwanangwa, mguu huo toa!"

Kasonso, mkuu wa kijiji, akatoa mguu.

Shilinde akamzunguka mnyama. Ubavu wa kushoto ulikuwa umepasuka, ngozi imechanika vipande, nyama imevilia damu, nyeusi. Huo akaukata akawapa mbwa. Ubavu wa kulia na mgongo vilikuwa salama. Akachora kwa kisu mstari mmoja, kooni mpaka mkiani. Akachora miguu minne. Kisha, tazameni, akakichomeka kisu mchangani.

"Kisu hutoboa," akasema. "Ngumi hubembeleza."

Akaiingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma, akasukuma, jasho linatiririka, ngozi inaachia taratibu, ssss, kama mtu anayevuliwa shati na mama yake. Mahali penye jeraha, ambapo mchunaji mwingine angetoboa mara kumi, alipita kwa kidole gumba na kwa dua. Alipomaliza waliinyanyua juani. Hakuna tundu lililotokana na mkono wake. Hata moja.

Nyama ikagawanywa. Paja kwa kila kaya tatu. Maini kwa wasio na meno. Kichwa kwa mchunaji, ndiyo haki yake. Pembe kando, za Bwana Nyama. Walioamini kuwa kibudu hakiliwi walisimama mbali wakitazama kwa huzuni kubwa ya kidini.

Ikabaki ngozi, mbichi, imetandazwa majanini. Ukiondoa ule ubavu uliochanika, kilichobaki kilitosha kitu kimoja. Nasema kimoja! Na katikati ya mgongo manyoya yalikuwa yamelala kwa mistari, alama ya tairi, kama mtu amepitisha kitana kikubwa.

Nyanzala alikuwa amekwenda kuileta ngoma. Akaja anaiviringisha barabarani, gururu, gururu, mdomo wake wazi kwa miaka sita. Akainama aichukue ngozi.

Shilinde akaweka mguu juu yake.

"Subiri, shemeji."

"Nisubiri tena? Nimesubiri nini miaka sita hii, Shilinde, mvua?"

"Ngozi hii ni ya mama."

"Mimi nimeiona! Nimeitembelea asubuhi kwa asubuhi, nyayo zangu zimekuwa ngumu kuliko kwato zake. Nisingekuwa mimi, saa hizi iko tumboni mwa tai. Na ni ya ngoma, ya kaka yako. Alisema nini? Ikipata ngozi ya tandala, ipigeni."

"Na isingekuwa ngumi yangu ungekuwa umeshika chujio la pombe," akasema Shilinde. "Shemeji, nina kaka mmoja, nina mama mmoja, na hapa pana ngozi moja. Unataka nifanyeje? Mama amekataa kufa mpaka aipate."

Kweli kabisa. Bi Ngolo alikuwa amekataa kufa. Mara tatu walichimba kaburi, mara tatu akaamka akauliza, "Tandala amepatikana?" Wakisema bado, anaomba uji.

Na sasa huyo anakuja, wamembeba wanaume wanne na kitanda chake, yeye juu akitoa amri: "Kushoto! Shimo hilo! Mnanibeba kama viazi?" Wakamweka chini kando ya ngozi. Akanyoosha mkono mwembamba, akayapapasa manyoya.

"Mama yangu alizikwa ndani ya ngozi ya tandala," akasema. "Na mama yake. Mimi mnataka kunizika na jora la dukani. Nikifika huko watanitambuaje? Watadhani robota la kitambaa limepotea njia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nina miaka themanini na zaidi, na bado namtaka mama yangu. Basi."

Mara wakasikia kata! kata! kata! za ndala zinakuja kwa haraka. Mtu mmoja, mgeni, debe tupu mkononi, mashavu yamejaa vumbi.

"Salaam aleikum. Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyemuua huyo mnyama."

Nyanzala alimtazama uso kwa mazoea. Si wewe.

Alikuwa dereva, anaitwa Mwinchande, mtu wa pwani. Lori lake, la asali na nta, lilikuwa limejikokota mpaka kijitoni, rejeta imebonyea, taa moja imekufa.

"Nyama sina haja nayo," akasema. "Ni kibudu, kuleni, Mungu awape heri. Mimi naomba ngozi."

"Hee!" wakasema watu wa Isungamalo.

"Nisikilizeni. Mwaka jana niligonga mti nikimkwepa mtoto. Tajiri wangu akasema nimelewa. Mimi, ambaye sijawahi hata kunusa! Akasema, Mwinchande, ukibonyeza tena lori langu unashuka usukanini. Leo limebonyea. Nikimwambia ni tandala, ataniuliza, tandala gani, yuko wapi? Pembe zinakwenda Serikalini. Nyama, naona wengine mmeshaanza kuimeza mbichi. Shahidi wangu ni ngozi, na alama ya tairi langu ipo mgongoni. Nimeendesha miaka ishirini. Wanangu wananijua kwa honi. Nikikata kona tu, tii tii, wanatoka mbio. Nikifika kwa miguu, nani atanijua?"

Mwanangwa Kasonso akajikuna kichwa. "Asali unaipeleka wapi?"

"Tanga. Napitia kwenye mashamba ya mkonge."

Nyanzala akaiachia ngoma.

"Unamjua mtu anaitwa Kapalata?"

"Yule anayegonga vitu?" akasema dereva. "Sufuria, meza, boneti la lori langu, chochote? Namjua vizuri. Kila nikisimama pale anakuja. Ananiuliza, umepita Isungamalo? Namwambia nimepita, ila sikusimama. Ngoma inalia? Namwambia, sijaisikia. Anasema, haya. Anarudi kukata mkonge. Miaka sita, neno hilo hilo."

Bi Ngolo alifumba macho. Nyanzala alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa ngoma, pale ambapo ngozi haipo, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

Akatokea mmoja huko nyuma, hawakosekani, akapiga kelele: "Si umwambie inalia! Uongo mmoja tu, mtu arudi!"

Dereva akatikisa kichwa. "Mtu anayekuuliza kwa macho yale huwezi kumdanganya. Halafu mimi mwenyewe natafuta mtu mmoja duniani aniamini kwamba sikulewa. Nianze kwa uongo?"

Bi Ngolo akafumbua macho. "Basi hakuna haja ya uongo wala ya ngoma. Dereva, mpelekee habari ya kweli. Mwambie mama yake amekufa."

"Lakini hujafa, mama!" akasema Shilinde.

"Nipe ngozi uone!"

Watu hawakujua wacheke au walie, wakafanya vyote viwili. Yeye akaendelea, sauti ndogo, kila neno mahali pake: "Ngoma haifiki Tanga. Msiba unafika. Hakuna mtoto asiyekuja kumzika mama yake, hata kama amepasua ngoma kumi. Mkwe wangu, nifungeni humu, mimi naenda kwa mama, na mumeo anakuja kwako. Ngozi moja, watu wawili wanafika nyumbani. Unataka nini zaidi?"

Nyanzala akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, akija kwa msiba atakuja na machozi. Atakaa siku za matanga. Halafu siku moja atageuka, ataiona ngoma kimya pale kwenye kona, na atachukua mfuko wake. Nitakuwa nimempoteza yeye mara mbili na wewe mara moja. Na asubuhi nikirudi kutoka barabarani, nani ataniuliza, leo umeniletea nguchiro gani?"

Bibi akamshika sikio, taratibu, vile Nyanzala alivyomshika yule swala.

"Na akija kwa ngoma," akasema, "atakuja kucheza. Kisha atanizika na jora."

Mwanangwa Kasonso akapata wazo. Wazo la mwanangwa ni kama mvua ya kiangazi, likija watu hutazama juu.

"Tuikate!"

"Tuikate?" akafoka Shilinde. "Ngoma ya watoto wa kuchezea, sanda ya kuku, na dereva aende kwa tajiri wake na robo ya tairi? Mwanangwa, kaa chini."

Mwanangwa akakaa chini.

"Ila amueni upesi," akasema Shilinde, akigusa ukingo wa ngozi. "Ngozi huwambwa ikiwa mbichi. Na ili imzunguke mama lazima ianze kupakwa mafuta na kulainishwa sasa hivi. Jua likifika utosini itakuwa ubao. Haitakaa kwenye ngoma, haitamzunguka mtu."

"Mimi hata ubao nitauchukua," akasema dereva kwa sauti ya chini, na aliona haya kusema.

Mmesikia hilo? Nyie mnaojifanya mnafikiri, mnaosema hili jambo zito, tulale nalo kwanza: hakuna kulala nalo. Ukinyamaza, jua linaamua, na jua liko upande wa dereva.

Basi wako pale. Nyanzala ameshika upande wa shingo. Shilinde ameshika miguu ya nyuma, kwa niaba ya mama yake, ingawa mkono wake mmoja unaonekana kama unataka kuachia. Dereva ameshika mkia, debe lake watoto wameshamjazia maji, lori linangoja, na njia yake ni ile inayopita kwa mtu anayeuliza swali moja. Bi Ngolo amelaza shavu juu ya manyoya, anapumua kidogokidogo, kama mtu aliyeshika mlango usifungwe. Ngoma iko pembeni, mdomo wazi.

Ukingo wa ngozi umeanza kujikunja.

Mmoja aliitafuta miaka sita. Mmoja aliitoa bila tundu. Mmoja aliigonga na ndiye mwenye alama yake juu ya mgongo. Mmoja ameyakatalia mauti mlangoni ili aingoje. Na Bwana Nyama, kumbukeni, hakuitaja.

Jua hilo linapanda. Semeni upesi: ngozi ile, ni nani kati yao aliyeistahili?